Sauti Iliyouza Theluji

Mama wa yule binti wa Kikorea alikuwa amekata roho dakika mbili tu zilizopita, kitandani hospitalini, mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa mwanawe. Binti alilia kama inavyotakiwa. Akatoka nje ya wodi, akaegemea ukuta, kamera ikamsogelea. Hapo akafungua mkoba, akatoa kichupa cha mafuta ya midomo, akakigeuza taratibu mpaka maandishi yake yakatutazama, akajipaka juu, akajipaka chini, akabana midomo. Kisha akaendelea kulia.

"Mama kafa," Yusta alisema kwenye maiki, kwa sauti yake ileile kavu, "lakini midomo isikauke."

Mlangoni Marcelino, mwenye studio, aliziba mdomo kwa kiganja asije akaharibu rekodi kwa kicheko.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki pale Mwanjelwa, Mbeya. Kuta zilibandikwa trei za mayai, na mlango uliwekewa godoro kuukuu ili honi za bodaboda zisiingie kwenye vilio vya Wakorea. Humo Yusta Nyalusi alikuwa ameketi kwa miaka minne, akisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha na kuyageuza Kiswahili papo hapo. Mume, mke, mama mkwe, daktari, wote walikuwa yeye. Kabla ya hapo alifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari kule Kilolo, kwa kujitolea, mpaka alipochoka kujitolea. Watafsiri wengine wa muvi walikuwa wanaume waliopiga kelele kama watangazaji wa mpira. Yusta hakupiga kelele. Yeye alidharau, na dharau hiyo ndiyo iliyompa jina kuanzia Tunduma hadi Iringa mjini.

Kilichomchefua kuliko vyote ni biashara. Kwa maoni yake, tamthilia za Kikorea ziliandikwa na watu wenye akili, halafu zikakabidhiwa kwa wachuuzi. Mwanamume anamweleza mchumba wake kwamba ana saratani, na mahali alipopachagua ni duka la mikate, tena mkate uliopo mbele yake umekatwa katikati ili tuone kilichomo. Ndugu wanagombania urithi wa baba, na yule mwenye hasira kuliko wote ameketi kwenye kiti cha umeme kinachomkanda mgongo, analaani huku mashavu yanatetemeka. Mtu akifukuzwa kazi ananyonya kifuko cha dawa ya mizizi, na nguvu zinamrudia kabla machozi hayajakauka.

"Hawa watu hawawezi hata kufa bila kushika bidhaa," alizoea kumwambia Marcelino.

Basi kila bidhaa ilipotokeza kichwa, Yusta aliacha kutafsiri akatia neno lake. Watu waliyapenda maneno hayo kuliko tamthilia zenyewe. Wauza vitunguu walitaniana nayo sokoni. Marcelino aliwahi kumwambia kwamba kuna wateja wanaorudisha flashi za muvi wakikuta sehemu haina utani wa Madam Yusta. Yusta alisikia, akainua mabega. Alijua kwamba wateja hao ndio waliokuwa wakimwuliza Marcelino wapi watapata simu kama ya daktari wa Kikorea. Kwa Yusta, mtu wa namna hiyo alikuwa wa kuonewa huruma kidogo na kuchekwa sana.

Jumanne moja asubuhi Marcelino alikuja na mgeni. Mgeni alivaa koti la suti juu ya fulana, na viatu vilivyochongoka mbele kama mdomo wa kunguru. Manukato yake yalifika chumbani kabla yake. Aliitwa Asukile, muuza vipodozi wa jumla, mwenye ghala mtaa wa Soweto, humohumo Mbeya.

"Shikamoo, Madam," alisema, ingawa umri wao ulilingana.

"Marahaba," Yusta alijibu, ili kumkomesha.

Asukile hakukomeka. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa ubao, akatoa mfukoni kopo dogo jeupe lenye picha ya mlima, akaliweka kando ya maiki. Juu ya kifuniko kuliandikwa neno moja: Theluji.

"Krimu ya uso," alisema. "Inang'arisha."

"Inachubua."

"Inang'arisha, Madam. Sasa nisikilize. Yule dada wa kwenye tamthilia yako, kila baada ya nusu saa anajipaka usoni. Nataka akijipaka, wewe useme anapaka Theluji. Ni hilo tu."

"Anajipaka poda ya kwao."

"Nani anasoma Kikorea hapa Mbeya?"

Marcelino alicheka kichwa chini. Yusta alilisukuma kopo kwa ncha ya kalamu mpaka likafika ukingoni mwa meza.

"Mimi si kibao cha matangazo," alisema. "Kamtafute kijana mwenye spika kwenye gari."

"Hao ninao watatu," Asukile alisema kwa upole. "Nitakwambia jambo moja halafu niondoke. Miaka minne umewatangazia Wakorea bure. Unawacheka, sawa, lakini mafuta yao ya midomo kila mtu anayajua kwa sababu yako. Na wao hawajui hata kama upo duniani. Mimi nakujua. Ndaga, Madam, asante." Akainuka, akaondoka, na manukato yake yakabaki chumbani kama mtu ambaye hajaagwa.

Yusta alidhani mambo yameishia hapo. Mchana, walipokuwa wakila ndizi za kuchoma, Marcelino alimwambia bila kumtazama kwamba kama yeye hataki, tamthilia ile itamaliziwa na Happy.

Happy alikuwa msichana aliyekaa mbele kuwahudumia wateja wa flashi. Kwa muda mrefu alikuwa akiiga sauti ya Yusta, na aliiga vizuri, kama kasuku anavyoiga bila kuelewa. Aliwahi kupewa sehemu moja ya majaribio, akatafsiri uchumba kuwa mkataba wa kazi, na watazamaji wa Vwawa wakaamini mpaka mwisho kwamba wale wapenzi ni mhasibu na bosi wake. Yusta akawaza sauti ile ikimzika mama wa binti wa Kikorea, ikimwozesha, ikimfunga jela shemeji mwovu. Akaona ni heri aseme Theluji yeye mwenyewe.

Tena alijipa sababu nzuri. Ataisema kwa kejeli kubwa hivi kwamba hata ng'ombe wa Usangu wataelewa. Asukile ataaibika kwa hiari yake mwenyewe, na watu watacheka kama wanavyocheka siku zote. Mwenye akili hawezi kununua kitu alichosikia kikitemewa mate.

Sehemu ya kumi na mbili ilimkuta yule binti kwenye kituo cha basi, theluji ya kweli ikimwangukia mabegani. Mumewe alikuwa amemwacha asubuhi hiyo. Akafungua kikebe cha poda, akajitazama kwenye kioo chake kidogo, akajigusagusa shavuni huku violini zikilia.

"Mume kaondoka," Yusta alisema. "Nyumba imeuzwa. Baba yuko jela. Lakini hana wasiwasi." Akanyamaza kidogo, kisha akalitoa neno lile kama mtu anayemwinua panya aliyekufa kwa kumshika mkia. "Ana Theluji."

Marcelino alipiga magoti kwa kucheka.

Baada ya wiki mbili, bodaboda mmoja wa Kabwe alikuwa ameandika nyuma ya pikipiki yake HANA WASIWASI, na chini yake, ANA THELUJI. Baada ya wiki ya tatu, wanawake wa Mwanjelwa walikuwa wakiambiana hivyo asubuhi badala ya kuamkiana, na makopo meupe yalipangwa kwenye vibanda vyote vya muvi, kando ya flashi. Asukile alirudi na boksi zima la zawadi.

"Nilidhani umekasirika," Yusta alimwambia.

"Kwa nini?"

"Nimekucheka mbele ya mikoa mitatu."

Asukile alitabasamu kama mtu anayemweleza mtoto. "Ningetaka sifa ningemchukua mtangazaji wa redio. Watu wamechoka na sifa, Madam. Akisifu mtu, wanajua kalipwa. Wewe ukidharau, wanacheka, na mtu akishacheka jina limeshaingia. Dharau yako ndiyo inayouza."

Yusta alilisukuma boksi chini ya meza kwa mguu. Maneno yale yalimkera kwa sababu yalikuwa na akili, na hakupenda akili itoke kwenye kinywa kile. Akajiambia kwamba anayenunua krimu kwa sababu ya utani ule anastahili kila kitakachompata. Alijiambia hivyo asubuhi, akajiambia tena jioni akipika, na aliendelea na sehemu ya kumi na tano, ya kumi na sita, ya kumi na saba.

Alipofika sehemu ya kumi na tisa aliomba ruhusa ya siku nne. Anjela, binti wa dada yake Rozalia, alikuwa anapokea kipaimara Jumapili, huko Mafinga. Yusta alipanda basi la asubuhi Jumamosi, na saa saba mchana alikuwa anashuka kwenye harufu ya misonobari iliyokatwa, vumbi la mbao likiwa limetanda juu ya mabati kama unga.

Rozalia alimzidi Yusta kwa miaka kumi na mbili. Baba yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea, na mishahara yote ya ujana wake iliishia kwenye shule ya Yusta. Tangu wakati huo hadi leo alikuwa akifanya kazi ileile, kupanga mbao uwanjani kwenye kiwanda kimoja cha kupasulia magogo, ubao juu ya ubao, vijiti katikati ili upepo upite, jua likimwakia kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Alimkuta jikoni, amejitanda khanga kichwani na kuivuta mpaka puani.

"Kamwene, mdogo wangu."

"Kamwene, dada. Unaumwa?"

"Moshi tu."

Moto haukuwa umewashwa. Yusta alimshika mkono, akamtoa mpaka mlangoni penye mwanga, akaishusha khanga. Ngozi ya mashavu ilikuwa imebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na palipobanduka palikuwa pekundu, panang'aa kwa majimaji. Kuzunguka macho kulikuwa na weusi ambao zamani haukuwapo.

Yusta hakuuliza ni nini. Kopo jeupe lilikuwa dirishani, kando ya mswaki.

"Nani kakupa hii?"

"Nimenunua kwa Dastan, pale anapouza muvi. Ameziweka nyingi, krimu zako."

"Si krimu zangu."

"Si ni wewe unayeitaja?"

"Nilikuwa nakejeli, dada."

"Najua," Rozalia alisema. "Nilicheka sana. Wote tulicheka, hata msimamizi kiwandani." Akaketi kwenye kigoda, akajipepea uso kwa ncha ya khanga. "Lakini nikawaza, Yusta anazikejeli bidhaa za Wakorea kwa sababu ni za Wakorea. Hii ni ya hapa kwetu. Ingekuwa mbaya asingekubali kuitaja kwa kinywa chake. Mimi nakujua, tangu mtoto ulikuwa hukubali kitu usichokipenda."

Yusta alilichukua kopo dirishani.

"Umri huu, dada, ulitaka weupe wa nini?"

"Sikutaka weupe. Kesho tunapiga picha na padri. Nilitaka picha moja tu nisionekane kama ubao." Akasema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Jumapili Rozalia alikwenda kanisani amejifunika, na kwenye picha alisimama nyuma ya watu. Jumatatu walikwenda zahanati. Muuguzi alimtazama muda mfupi sana, kwa kuwa alishaona nyuso nyingine sita tangu mwezi uanze. Akasema krimu hiyo iachwe leo, uso usiguswe na jua, na ngozi itajirudi polepole, ingawa baadhi ya madoa yanaweza yasirudi. Rozalia alimwuliza atapangaje mbao bila jua. Muuguzi hakuwa na jibu la hilo. Msimamizi wa kiwanda yeye alikuwa nalo: Rozalia akae nyumbani mpaka apone, na nafasi yake imeshapata mtu.

Yusta alirudi Mbeya na kopo lile ndani ya mkoba. Njia nzima aliligeuzageuza. Lilikuwa na picha ya mlima, lilikuwa na jina, lilikuwa na maneno madogo, ASILI KABISA. Halikusema ndani kuna nini, wala limetengenezwa wapi.

Alimkuta Asukile studioni, amekaa juu ya ndoo ileile. Bila salamu, Yusta aliweka kopo mbele yake na kumweleza uso wa dada yake, shavu la kulia na shavu la kushoto.

"Pole sana," Asukile alisema. "Watu wengine wanapaka kupita kiasi."

"Kiasi ni kipi? Hapa hapajaandikwa. Ndani mna nini?"

"Madam, yale mafuta ya midomo ya Wakorea uliwahi kuuliza ndani mna nini?"

Marcelino alisafisha koo, akasema tamthilia imebakiza sehemu moja na wateja wanasubiri, haya mengine yatazungumzwa baadaye. Yusta akavaa vipokea sauti. Alitafsiri sehemu ya ishirini vizuri kuliko alivyowahi kutafsiri. Baba alitoka jela, mume akarudi akakataliwa, na binti, mbele ya kioo cha bafuni siku ya harusi yake ya pili, akafungua kikebe chake cha poda.

"Theluji imembabua dada yangu uso," Yusta alisema kwenye maiki. "Yuko Mafinga, amepoteza kazi. Kama unayo, itupe."

Asukile aliinua macho kwa Marcelino. Marcelino akanyoosha mkono, akasimamisha kompyuta, akarudisha nyuma, akafuta. Alifanya kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu.

"Happy," aliita. "Njoo ndani."

Yusta alikitazama kichwa kilichoinama cha mtu aliyekuwa akicheka kila utani wake kwa miaka minne, akaona kwamba hakuwahi kumjua, na kwamba hakukuwa na mengi ya kujua. Alichukua flashi yenye sehemu ile ambayo haijaingizwa sauti. Hakuna aliyemzuia.

Huko Mafinga alirekodi kwa simu chumbani kwa Rozalia, saa nne asubuhi, blanketi limetundikwa dirishani. Kuku walisikika. Lori la magogo lilipita katikati ya maneno ya baba aliyetoka jela. Lakini kazi ilikamilika, na onyo lilibaki mahali pake, limesemwa taratibu na kwa Kiswahili kilichonyooka.

Dastan, mwenye kibanda cha muvi, alikubali kuionyesha. Mtu huyu alikuwa na kipaji cha kukubaliana na kila aliyesimama mbele yake. Aliahidi kuweka sehemu ya Yusta kwenye televisheni ya nje, na makopo ya Theluji akayaacha rafuni palepale, moja juu ya jingine.

Watu kama ishirini walikusanyika alasiri hiyo, wengi wao wanawake waliotoka kazini. Yusta alisimama nyuma. Walinyamaza pale baba alipotoka jela, wakasonya pale mume aliporudi. Kisha binti akafika mbele ya kioo, akafungua kikebe, na sauti ya Yusta ikasema, Theluji imembabua dada yangu uso.

Wakacheka. Walicheka kwa pamoja, kicheko cha watu waliokuwa wakikisubiri. Sauti iliposema yuko Mafinga, amepoteza kazi, mwanamke mmoja alijipiga paja, akamwegemea mwenzake. Iliposema itupe, shangwe ilipanda mpaka maneno yaliyofuata hayakusikika.

"Huyu dada ana vituko," mmoja alisema, akijifuta macho.

Yusta alipita katikati yao mpaka mbele. "Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye Yusta. Sikuwa natania. Nasema kweli."

Walimtazama. Mmoja aliitambua sauti, akamwonyesha kwa kidole, na kicheko kikaanza upya, safari hii kikiwa na heshima ndani yake, kama wamepewa nyongeza bila kutarajia. "Ona anavyoukaza uso," mwanamke aliyejipiga paja alimwambia mwenzake. Aliyekuwa karibu na rafu alichukua kopo moja, akamkabidhi Dastan noti, akaondoka akirudia maneno ya Yusta kwa sauti kavu ya Yusta.

Alirudi nyumbani akamwambia Rozalia yote. Alisema watu wa Mafinga ni wapumbavu, wanawake wale ni wapumbavu, Dastan ni mnafiki, na waendelee kujipaka mpaka waone mifupa. Rozalia alikuwa akichambua maharage kivulini. Alimwacha amalize.

"Umewafundisha kucheka ukisema," alisema. "Sasa unawakasirikia wakicheka?"

Yusta alichutama, akaanza kuchambua naye.

"Niache niseme mimi."

"Wewe?"

"Uso si ni wangu?"

Jambo la kwanza lililomjia Yusta, na baadaye aliona haya kulikumbuka, ni Kiswahili cha dada yake. Rozalia alichanganya r na l, alisema habali za leo, alisema chakura, na katikati ya sentensi aliingiza Kihehe bila kuomba radhi. Tangu alipoanza sekondari Yusta alikuwa akimsahihisha mbele za watu, na mwenye kusahihishwa ndiye aliyekuwa akilipa ada.

"Watakucheka," alisema.

"Wacheke. Wananijua."

Walirekodi kesho yake. Rozalia hakujua namna ya kupangilia maneno na picha. Binti wa Kikorea alipofungua kikebe, yeye alianza kuzungumza, na alizungumza mpaka binti akawa ameshatoka bafuni, ameshafika kanisani, ameshavishwa pete, na bado Rozalia anaendelea. Alitaja jina lake. Alitaja kiwanda anachopangia mbao na mtu aliyekaa karibu naye wakati wa chakula. Alisema alijipaka siku kumi na tisa. Alisema siku ya tano uso uliwasha akadhani ndiyo inafanya kazi, siku ya kumi na mbili alishindwa kulala upande wa kulia. Alisema alipojitazama siku ya kipaimara aliogopa kumkumbatia mwanawe asije akamchafua gauni. Yusta alikuwa ameshika simu, na mkono wake ulichoka, lakini hakuubadilisha.

Safari hii hawakucheka. Mmoja alianza pale Rozalia aliposema uso wangu umehalibika, lakini jirani yake alimgusa bega, kwa sababu mwenye sauti alikuwa amekaa palepale kwenye benchi la Dastan, khanga mabegani, uso wazi. Ilipokwisha, wanawake wawili walimfuata Rozalia, wakamwinamia karibu sana, mmoja akajigusa shavu lake mwenyewe. Kesho yake watu wanne walirudisha makopo yaliyokuwa hayajafunguliwa. Dastan alikataa kuyapokea mpaka alipoona wanaokuja nyuma yao, ndipo akayaondoa rafuni, na kwa kila aliyepita alieleza jinsi yeye tangu mwanzo alivyokuwa na wasiwasi na krimu ile.

Hayo ni ya Mafinga. Mbeya sehemu ya ishirini iliyopendwa ni ya Happy. Ilikuwa na sauti safi, haina kuku, na ndani yake binti wa Kikorea alifunga ndoa akiwa na Theluji usoni na bila wasiwasi wowote. Miezi mitatu baadaye, malalamiko yalipozidi, Asukile alibadilisha kopo. La sasa lina rangi ya waridi na linaitwa Alfajiri, na ndani yake, kwa wanaojua kunusa, ni kitu kilekile. Marcelino alinunua kompyuta mpya. Yusta akisimuliwa habari zao hutikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepita kando ya jalala.

Uso wa Rozalia ulitulia, isipokuwa madoa mawili chini ya macho. Alipata kazi kwa fundi mmoja anayetengeneza milango, ndani ya banda, kusugua mbao kwa msasa. Yusta alipata vipindi katika shule moja ya binafsi hukohuko Mafinga, na kila Alhamisi alasiri, kwa ombi la yule muuguzi, alikwenda zahanati kuzungumza na wanawake waliosubiri na watoto wao. Hakuwa mzuri kwenye kazi hiyo. Alizungumza haraka, alizoea mno kusikia kicheko, na kimya cha watu kilimchanganya.

Alhamisi moja, wenzake walipokwisha kuondoka, mwanamke mmoja alibaki benchini. Alikuwa kijana, amevaa bangili za shaba, mtoto amelala mgongoni. Alisubiri mpaka muuguzi alipoingia ndani.

"Madam," alisema kwa sauti ya chini, "nimesikia yote uliyosema kuhusu hizo krimu. Nilitaka kuuliza tu. Ipi ni nzuri?"

Jibu lilikuja lenyewe, kali, limeshanolewa, na lingewachekesha watu kuanzia Tunduma hadi Iringa mjini. Yusta alilisikia likijipanga ulimini. Akanyamaza mpaka likapita, na lilichukua muda kupita.

"Unaitwa nani?" aliuliza.

"Minza."

"Umetoka wapi, Minza?"

"Usangu. Nimemfuata mume wangu, anapakia mbao." Akazungusha bangili. "Yeye anasema wanawake wa huku wameng'aa."

Yusta alisogeza mkoba wake, akaketi kwenye benchi kando yake, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, alimwuliza mtoto ana miezi mingapi.